Gaël Faye, Mwandishi wa Mtaa wa Jirani

Wengi wetu husoma vitabu vya Kifaransa kana kwamba vyote viliandikwa na watu wa mbali waliokufa zamani. Basi mimi nikaaye hapa Kibenga nilistaajabu nilipofungua riwaya iitwayo Petit Pays, maana yake Nchi Ndogo, nikaona watoto wanaotajwa humo wanakaa Kinanira, mtaa ambao sisi huenda kwa miguu. Nataka kueleza habari za mtungaji wake na jinsi anavyoandika juu ya utoto, kwa sababu katika kazi yake liko jambo lililonitaabisha.

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Agosti, 1982. Baba yake ni Mfaransa, na mama yake ni Mnyarwanda. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza nchini. Mwaka 1994 yakafuata mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, nchi ya mama yake. Na mwaka 1995 kijana akahamia Ufaransa. Ilikuwa nchi ya baba yake, lakini alifika kama mgeni. Baadaye alisoma mambo ya biashara na fedha, akafanya kazi hiyo London kwa muda, kisha akaiacha akashika muziki. (Nawajua wazazi wa hapa ambao kwa kosa hilo wangemfungia mlango.) Mwaka 2013 alitoa santuri iitwayo Pili Pili sur un croissant au beurre, yaani pilipili juu ya mkate wa siagi wa Kifaransa. Neno la kwanza ni letu, wala hakulitafsiri.

Petit Pays ilitolewa mwaka 2016 na wachapaji wa Grasset, ikapata Tuzo ya Goncourt ya wanafunzi. Tuzo hii ilianzishwa mwaka 1988, na waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000, ambao hupewa vitabu vipya, wakavisoma, wakabishana darasani, wakapiga kura. Kwa hiyo waliompa heshima ile ni watu wa umri wetu.

Mwenye kusimulia katika riwaya ni mtoto, jina lake Gabriel. Si Gaël mwenyewe, na mwandishi amelisema hilo mara nyingi, ingawa wawili hao wana wazazi wa asili moja. Gabriel na wenzake hukutana ndani ya gari bovu la Volkswagen. Huiba maembe katika bustani ya Bibi Economopoulos, Mgiriki, kisha humwuzia mwenyewe maembe yake! Bibi huyo ndiye baadaye anayemwazima Gabriel vitabu, kimoja baada ya kingine, wakati ambapo nje milio ya bunduki inakaribia na rafiki zake wanataka kuulinda mtaa kwa silaha. Mimi naona hapo ndipo kilipo kiini cha riwaya. Mtoto anajificha ndani ya vitabu, navyo vinampa nafasi ya kupumua, lakini havizuii lolote lisimfikie.

Kitabu cha pili kilitoka mwaka 2020, nacho ni cha watoto hasa, chenye picha zilizochorwa na Hippolyte. Jina lake ni L'ennui des après-midi sans fin. Nimejaribu kulitafsiri jina hili nikashindwa. Sehemu ya mwisho ni rahisi: alasiri zisizokwisha. Lakini ennui si huzuni, wala si uchovu wa kazi. Ni ile hali ya kukaa bure, jua kali, watu wazima wamelala, nawe huna la kufanya mpaka akili ianze kubuni mchezo. Maneno yake yalikuwa kwanza wimbo katika ile santuri ya 2013.

Sasa nitaje lililonitaabisha. Alasiri zile zilikuwa za nani? Mtoto mwenye bustani na mpishi alikuwa na nafasi ya kukaa bure. Wenzake wengi wa Kamenge au Buyenzi alasiri walikuwa na maji ya kuchota au karanga za kuuza. Nilimhukumu mwandishi kwa hilo, mpaka niliporudia sura ya baiskeli. Baiskeli ya Gabriel inaibiwa, inauzwa, inapatikana mbali shambani kwa mtoto maskini ambaye baba yake ameinunua kwa fedha halali. Wanamnyang'anya. Gabriel anarudi na baiskeli yake na aibu yake. Basi mwandishi alilijua swali langu kabla yangu, ila aliliweka katika riwaya, na katika kitabu cha picha hakuliweka.

Je, alikosea? Nilikisoma kitabu cha picha pamoja na mdogo wangu mwenye miaka tisa, siku ambayo umeme ulikatika, nikimgeuzia maneno kwa Kiswahili. Alifurahi sana. Tulipofika mwisho akaniuliza, "Kaka, halafu wale watoto walikwenda wapi?"

Petit Pays ilikuwa juu ya meza, na jibu limo humo. Mama alikuwa anachambua mchele karibu nasi. Mwaka 1993 yeye pia alikuwa mtoto katika mji huu, na habari za mwaka ule hatusimulii. Nikamtazama, naye akaacha kuchambua.

"Mwambie wengine walihama," akasema.

"Na wengine?" mdogo wangu akauliza.

Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akasogea karibu nasi.