Mas-ala ya Kijana Aenezaye Virusi vya Kompyuta

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na Ali zake na Sahaba zake.

Amma baadu. Ndugu msomaji, jua ya kuwa katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro hesabu nyingi zimetoka katika daftari zikaingia katika kompyuta. Mnunuzi wa dhahabu huandika humo gramu na bei, na mwenye duka huandika humo madeni yake. Nao vijana wetu wajua chombo hiki kuliko baba zao. Wako ambao, kwa mzaha au kwa kujionyesha, hutia virusi katika flashi wakavipeleka katika kompyuta ya mtu. Na wakiulizwa husema: Sikuiba kitu, nilicheza tu. Somo hili ni jawabu la neno hilo.

Suali: Virusi ni nini?

Jawabu: Ni programu iliyotungwa ili ijinakili yenyewe na kuhama kutoka kompyuta hii hata ile, kwa flashi au kwa mtandao. Nyingine hufuta maandishi, na nyingine huyafunga asiweze mwenyewe kuyafungua mpaka atoe fedha.

Suali: Nini hukumu ya kuvieneza?

Jawabu: Ni haramu, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuriana. Wala asiseme mtu kuwa maandishi ya kompyuta si mali. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, ilikiri kuwa haki za utungaji na uvumbuzi zina thamani ya mali na haijuzu kuzivamia. Basi vipi hesabu ambazo kwazo mtu hudai haki yake?

Na akisema: Mimi nilivifungulia tu, vikaenda vyenyewe, ajibiwe kwa maneno ya maulamaa wetu wa Kishafii. Wamesema katika mlango wa ghasbu: mwenye kufungua tundu la ndege wa mtu, ndege akaruka papo hapo, atalipa, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Na mwenye kuwasha moto katika shamba lake wakati wa upepo mkali, ukaunguza shamba la jirani, atalipa. Virusi ni moto katika upepo.

Mwaka 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, alitoa programu ya namna hii, ikaenea katika maelfu ya kompyuta. Alidai hakukusudia kuharibu. Na juu ya hayo mahakama ilimtia hatiani mwaka 1990, akawekwa chini ya uangalizi miaka 3, akatumikia jamii saa 400, akatozwa faini ya dola 10,050.

Suali: Sheria ya dola yetu yasemaje?

Jawabu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kwa kifungu cha 7, mwenye kuharibu, kufuta au kubadili data za watu kwa makusudi na bila haki, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa peke yake, hata usipoharibu kitu.

Suali: Na akiwa kijana mdogo?

Jawabu: Hapa pana mizani miwili, usiichanganye. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto: hahukumiwi kifungo cha gerezani, bali hupelekwa mahakama ya watoto, na huweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Ama katika madhehebu yetu, kubaleghe ni kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, au kwa alama zake kabla ya hapo. Basi kijana wa miaka 16 huweza kuepuka gereza la dola, naye mbele ya Mola wake ni mukallafu aandikiwaye dhambi.

Na asiyebaleghe haandikiwi dhambi, lakini dhamana haimwondoki. Alichoharibu hulipwa katika mali yake. Akiwa hana, ni deni juu yake mpaka apate. Babaye halazimiki kulipa katika mali yake mwenyewe, ila akilipa ni ihsani. Linalomlazimu baba ni kumtia adabu na kumwangalia.

Wasia: Ewe kijana, toba ya haki ya mja haitimii kwa kusema astaghfirullahi. Acha, jute, azimia kutorudia, kisha mwendee mwenye kompyuta umrudishie haki yake au umwombe akusamehe. Na kwa kuwa wajua ulichoharibu, keti umsaidie kukitengeneza. Nanyi walimu, msiwanyang'anye vijana elimu hii kwa khofu. Wafunzeni pamoja na amana yake.

Wallahu aalam.