SOMO: ATEISMU NI NINI, NA MTOTO AFUNDISHWE NINI SHULENI?
(Zaburi 14, Matendo 17:16-34, Waefeso 2:11-13)



Siku moja binti yangu wa sekondari alirudi toka masomo, akaniuliza: “Baba, ateismu ni nini?” Nilimkemea, nikamwambia neno hilo lisitajwe tena nyumbani. Akanyamaza. Usiku mama yake akaniambia: “Baba shemasi, mtoto aliuliza tu, hakumkana Mungu.” Nilipata haya. Ndiyo maana ya somo hili.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, nalo ni “bila Mungu”. Paulo analitumia katika Waefeso 2:12 juu ya wapagani, na hao walikuwa na miungu mingi sana! Baadaye Warumi waliwatupia Wakristo neno hilo hilo, kwa sababu walikataa kuiabudu miungu ya dola. Mzee Polikarpo wa Smirna, katika karne ya pili, aliamriwa awakatae “wasio na Mungu”, ndio Wakristo wenzake. Yeye akanyoosha mkono kwa wapagani waliojaa uwanjani, akasema neno hilo juu yao. Wakamchoma moto.

Siku hizi ateismu ni kusema Mungu hayuko. Anayesema “sijui” ni mwingine. Na shule ya serikali isiyofundisha imani ya kanisa moja, hiyo pia si ateismu. Wengi wetu tunachanganya.

Wazee wanakumbuka. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Zaire iliondoa somo la dini katika shule zote, na shule za makanisa zikachukuliwa. Je, Mobutu alisema Mungu hayuko? Hapana. Lakini kiti hakikubaki wazi: mahali pa dini pakawekwa mafundisho ya chama, na wakubwa wengine wakamfananisha rais na masiya. Mimi naona hilo lilikuwa baya kuliko mtu anayesema wazi kwamba haamini. Mwaka 1977 serikali ilipatana na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, wakarudishiwa usimamizi wa shule.

Lakini tujichunguze na sisi. Katika miaka ya 1950 watoto wa wafuasi wa Simon Kimbangu walifukuzwa katika shule za misioni kwa ajili ya imani ya wazazi wao, hata ikabidi wazazi waanzishe shule zao. Leo, mtoto wa Mwislamu au wa mtu asiyesali akiingia katika darasa la mwalimu wetu, atapokelewa namna gani?

Kumweleza mtoto jinsi Waislamu wanavyosali si kumsilimisha. Vivyo hivyo kumweleza kwamba kuna watu wasiomwamini Mungu. Kumlea katika imani ni kazi yetu wazazi, tusimtwike mwalimu peke yake.

Nilimwita binti, nikamwomba msamaha, nikamjibu. Akauliza tena: “Na asiyeamini, nikae naye benchi moja?” Tukafungua Matendo 17, tukaona Paulo alikaa na nani kule Athene.

Jumapili ijayo tutaendelea na sura hiyo. Kila mmoja aje na Biblia yake, na vijana waje na maswali yao.