Somo la Usalama Barabarani: Dereva Anapovuka Mpaka

Somo la toleo hili linawahusu madereva wanaotoka Uganda kwenda Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na wageni wetu wanaokuja kutoka huko. Wamo wa malori na mabasi, na wamo wanaoipeleka jamaa harusini au msibani.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: je, leseni yangu itakubaliwa? Ni swali jema, ila halitoshi. Leseni huthibitisha kwamba mwenye nayo alifunzwa akafaulu. Haithibitishi kwamba ameizoea barabara aliyoingia leo.

Hati za safari

Leseni iwe haijaisha muda, isomeke, na daraja lake lilingane na gari linaloendeshwa. Aliyeruhusiwa gari dogo hawi dereva wa basi kwa kuvuka mpaka. Muda wa mgeni kutumia leseni ya kwao hutofautiana nchi kwa nchi. Tunashauri uulizwe ubalozini kabla ya safari. Kibali cha kimataifa cha udereva nacho hakisimami peke yake: huonyeshwa pamoja na leseni yenyewe. Kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1. Cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hakizidi miaka 3.

Bima isisahauliwe. Kadi ya Njano ya COMESA huendeleza bima ya mtu wa tatu katika nchi zinazoshiriki mpango huo. Asiye na bima inayotambulika huko, akimgonga mtu, huenda akabebeshwa fidia yote mwenyewe; na akishindwa kulipa, mjane na mayatima ndio watakaoumia.

Upande wa barabara

Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Anayepita Katuna kuingia Rwanda, au Mpondwe kuingia Kongo, hubadili upande papo hapo. Pale mpakani dereva huwa macho, kwa kuwa vibao na magari mengine humkumbusha. Hatari humvizia baadaye: anapotoka kituo cha mafuta, anapoanza safari alfajiri barabara ikiwa tupu, au anapokata kona akiwa amechoka. Hapo mkono hufuata mazoea ya nyumbani.

Kwenye mzunguko wa Kigali magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na hatari ya kwanza hutoka kushoto. Kwetu hutoka kulia. Mwenye usukani wa kulia akiwa nyuma ya lori huko hawezi kuona vizuri gari linalokuja mbele. Basi aache nafasi ya kutosha, na asilipite lori kwa kutegemea neno la utingo. Hata anayeshuka garini kuvuka kwa miguu aangalie pande zote mbili, kisha arudie.

Ajali ikitokea

Simama, wasaidie majeruhi, na utoe taarifa polisi. Kukimbilia ng'ambo ya mpaka hakufuti kosa, bali huongeza la pili. Usitie sahihi maandishi usiyoyaelewa, omba mkalimani. Faini halali hulipwa kwa utaratibu wa serikali na kupewa risiti, wala haiwekwi mkononi mwa askari.

Maswali ya kujipima

1. Je, daraja la leseni yako linalingana na gari utakaloliendesha?
2. Je, bima yako inatambulika katika kila nchi utakayopita?
3. Kesho alfajiri, utakapowasha gari ugenini, nani atakukumbusha upande wa kushika?

Kwa swali la tatu, tunapendekeza karatasi ndogo ibandikwe karibu na usukani, imeandikwa neno moja tu: KULIA. Mgeni anayekuja kwetu aandike: KUSHOTO. Haina gharama, nayo yaweza kuokoa roho za watu ambao dereva hakuwahi kuwajua.