Dondoo muhimu: Koo la mtoto msimu wa baridi

Kuanzia Mei hadi Agosti, baridi ya usiku na vumbi la Lubumbashi huja pamoja na maumivu ya koo. Mengi ni ya virusi: mtoto akiwa na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, parasetamoli, vinywaji vya uvuguvugu na kusukutua koo kwa maji ya chumvi vinatosha. Vidonge viwili vitatu vya antibiotiki vya kununua sokoni havitamsaidia.

Shuku bakteria pale mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapopata ghafla homa ya zaidi ya 38°C bila kikohozi, tezi za shingo zimevimba na zinauma, mafindofindo ni mekundu au yana usaha. Mpeleke kituo cha afya. Akiandikiwa amoksisilini kwa siku 10, azimalize zote hata kama homa imeshuka siku ya pili. Hapo ndipo wazazi wengi huacha, na bakteria hao wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Wala kilimi kisikatwe kamwe kama tiba ya maumivu ya koo.

Akidondokwa na mate, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, mkimbize Hospitali ya Jason Sendwe mara moja, hata kama ni usiku.