Ukiiona Karisimbi Imevaa Nyeupe

Wadogo zangu, wiki hii meseji zenu nyingi zinauliza jambo moja: "Dada, leo asubuhi Karisimbi ilikuwa nyeupe juu. Tunataka kupanda tukaguse theluji. Tubebe nini?"

Hamu hiyo naijua. Hapa Gisenyi, alfajiri mawingu yakiwa hayajafunga, kilele kile hung'aa kama kauri, na ndivyo kilivyopata jina: isimbi ni kauri nyeupe. Ila niwaambie mapema msije mkavunjika moyo. Weupe ule mara nyingi ni mvua ya mawe ya usiku na theluji kidogo, na jua likishaupiga haukawii kuyeyuka. Hauna kina cha kutelezea kwa mbao kama mnavyoona kwenye video za Uswisi. Barafu ya kudumu iko Rwenzori na Kilimanjaro, nako inazidi kupungua. Kwa hiyo pandeni kwa ajili ya mlima wenyewe, na mvae kama watu wanaokwenda kwenye baridi inayoua.

Iliwahi kuua. Februari 1908, mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa Karisimbi na wapagazi wake. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ikawakuta huko juu, na wapagazi 20 wakafa kwa baridi. Yeye hutajwa kwa jina, wao kwa idadi, na hilo huniuma. Tena Februari ni urugaryi, kiangazi chetu kifupi! Usimwamini mtu anayekwambia kiangazi hakuna shida.

Hebu tupige hesabu. Ziwa Kivu hapa kwetu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Karisimbi ni mita 4,507. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua takriban nusu digrii na kitu. Hapa mjini ikiwa digrii 25, kule juu ni kama 6 au 7, na hapo bado hujahesabu upepo wala mvua. Usiku maji huganda.

Nilipopanda mimi, siku mbili kwa kupitia Kinigi, nilivaa jinzi. Msirudie kosa hilo. Chini kwenye mianzi tope lilinifika magotini, igisura, ule mmea unaowasha, ikaniwasha mikono, halafu mvua ikaja. Jinzi ikilowa haikauki, inakunyonya joto njia nzima. Asubuhi pale kambini, karibu mita 3,700, maji ya sufuria yalikuwa na utando wa barafu, na vidole vyangu vilishindwa kufungua chupa ya chai. Muongozaji ndiye aliyenifungulia. Kando yetu ulisimama msenesio mkubwa, ule mti unaokunja majani yake usiku kufunika chipukizi, na majani makavu hayaanguki, yanabaki yamelikumbatia shina. Niliutazama nikaona haya: mti ulikuwa umevaa vizuri kuliko mimi.

Basi nendeni sokoni kwenye caguwa, nguo za mitumba, mapema. Tafuteni sweta la sufu, koti lisilopenya maji, kofia, glavu, na viatu vyenye meno. Nguo moja kavu ifungeni kwenye mfuko usiopenya maji na msiivae mpaka kambini, hata mkishawishika vipi. Kukaribia kilele njia ni majivu na changarawe, mguu unarudi nyuma kila hatua, hivyo fimbo itawasaidia sana. Pombe iacheni nyumbani. Inakufanya uhisi joto huku joto lenyewe linatoka mwilini.

Na muangaliane. Mwenzenu akitetemeka, mvueni nguo mbichi, mpeni kavu na chai yenye sukari. Akianza kuongea kama mlevi, kujikwaa, au kutaka kukaa tu chini apumzike, hayo si uvivu, msimwache akae. Kichwa kikimuuma sana na akatapika, hapo ni kimo kinamshinda, na dawa yake ni kushuka.

Kuliko yote naogopa hili: mtu aliyekuwa akitetemeka akaacha, na bado ni wa baridi ukimshika. Msishangilie kwamba amepata nafuu. Mfunikeni, mwiteni muongozaji, mumteremshe hapo hapo, hata kama kilele mnakiona kwa macho.