Mgeni Asishike Sanduku la Pesa

Ndugu wana-kikundi, somo la leo ni la watoto wa shule, lakini hata sisi wazee linatuhusu.

Mwaka 1919 huko Springfield, Marekani, ulianzishwa mpango wa Junior Achievement, ambao sasa uko hapa Kenya pia. Watu wa makampuni hujitolea kwenda shuleni. Wanafunzi huunda kampuni ndogo, huuza hisa kwa bei ya chini, huchagua meneja na mweka hazina, kisha hutengeneza kitu na kukiuza. Mwishoni kampuni hufungwa, na wenye hisa hulipwa chao, kama kimebaki.

Tuseme wametengeneza vipande 40 vya sabuni kwa vifaa vya shilingi 800, wakauza kila kimoja shilingi 25. Wanapiga makofi: faida 200! Mgeni anauliza tu, "Na nauli ya matatu?" Shilingi 150. "Na kazi ya mikono yenu?" Kimya. (Hapo hata vikundi vyetu huanguka, tuseme ukweli.)

Basi mkimwalika karani wa benki au mwenye duka shuleni kwenu, mwambieni aulize maswali, sanduku la pesa abaki nalo mtoto aliyechaguliwa. Siku ya wazazi, huyo huyo ndiye asome daftari.