Seli za Misuli ya Mishipa ya Damu na Protini Zinazotengenezwa Maabarani

Seli hizi ziko wapi mwilini, na kazi yake ni nini?

Seli za misuli laini hujaza tabaka la kati la ukuta wa ateri. Hukaza au kulegea, mshipa ukasinyaa au ukapanuka, na shinikizo la damu likarekebishwa. Seli hizohizo ndizo zinazoujenga ukuta: hutoa kolajeni inayozuia mshipa usipasuke, na elastini inayouwezesha kutanuka na kurudi kila moyo unapodunda.

Hukuzwaje nje ya mwili?

Kipande cha aota ya mtu aliyefariki, au cha ateri ya kiungamwana, hukatwa vipande vidogo na seli zikaachwa zitambae zenyewe kutoka humo. Njia nyingine ni kuzitenganisha kwa vimeng'enya. Huwekwa katika kimiminika chenye sukari, asidi amino na seramu, kwenye nyuzijoto 37 na hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5.

Kwa nini hutoa protini nyingi zikiwa maabarani?

Kwa sababu hubadilika. Katika ateri yenye afya zimesheheni protini za kukaza, na hugawanyika kwa nadra. Zikishakuzwa, hupunguza protini hizo, huanza kugawanyika na kumwaga kolajeni nje. Badiliko linalofanana na hilo hutokea mshipa unapojeruhiwa, na likizidi huchangia kuziba kwa ateri. Mwaka 1974, Russell Ross na wenzake wa Seattle, Marekani, walionyesha kuwa chembe sahani za damu hutoa kichocheo kinachozifanya seli za ateri za kima zigawanyike.

Nini huongeza au kupunguza protini hizo?

Vitamini C ni ya lazima: ikikosekana, nyuzi tatu za kolajeni hazisokotani zikashikamana imara, na kasoro hiyohiyo ndiyo huleta kiseyeye. Kichocheo cha TGF-beta huongeza kolajeni, na vilevile kuzivuta seli kwa mdundo kama wa moyo. Elastini ni ngumu zaidi kuipata, kwani seli za watu wazima huitoa kwa uchache mno.

Kiasi cha protini hupimwaje?

Kolajeni hukadiriwa kwa kupima haidroksiprolini, asidi amino iliyomo humo kwa wingi. Protini nyingine hutambuliwa kwa antibodi zinazozinasa moja moja.

Ujuzi huu umemfikia mgonjwa?

Ndiyo. Mwaka 1999, Laura Niklason na wenzake walichapisha kazi yao ya kukuza ateri maabarani na kuzipandikiza kwa nguruwe. Baadaye seli za binadamu zilipandwa juu ya nyuzi zinazoyeyuka polepole, zikajenga mrija wa kolajeni. Kisha seli huoshwa zikatoka, ili kinga ya mgonjwa isiukatae mrija, na protini hubaki. Desemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mshipa wa aina hiyo kwa watu wazima waliojeruhiwa ateri za mikono au miguu, pale ambapo mguu au mkono u hatarini kukatwa na mshipa wa mgonjwa mwenyewe haufai kupandikizwa.